Waliofunika Nyuso na Waliofumba Macho

Jioni moja ya karibuni, katika baraza iliyo chini ya majumba ya Michenzani, vijana walikuwa wamekizunguka kisimu wakitazama picha. Picha yenyewe ilionyesha kundi la watu waliovaa kanzu nyeupe na kofia ndefu zilizochongoka, zimewashuka mpaka kifuani, hazina ila matundu mawili ya macho. Na nyuma yao msalaba mkubwa unawaka moto. Kijana mmoja akauliza kama hao walikuwa katika ngoma ya mashetani. Mzee aliyekuwa akicheza bao hapo kando akaitupia picha jicho moja, akarudi kwenye kete zake, akasema: "Hao si mashetani, mwanangu. Hao ni watu, na hayo waliyovaa ni merikani."

Sisi wa safu hii tuliondoka na jibu hilo, na kwa siku kadhaa likawa halitutoki, kwani ndani yake mlikuwa na mambo mengi kuliko mzee wetu alivyokusudia.

Wazee wa Visiwani walilijua merikani kabla hawajaijua Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 mfanyabiashara wa mji wa Salem, Richard Waters, akafungua hapa Unguja ofisi ya ubalozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Merikebu za Salem zilichukua pembe, sandarusi na karafuu, zikashusha kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho misafara ilikichukua hadi Tabora na Ujiji, hata kikawa ni fedha kamili ya bara. Pamba ya kitambaa hicho ililimwa na watumwa weusi katika majimbo ya Kusini ya Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini. Basi mtu wa Unguja wa zama zile alijitanda jasho la mtumwa wa mbali, na huku mtumwa wa karibu akipitishwa mbele yake kupelekwa soko la Mkunazini, ambalo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Tunalitaja hili mapema, ili asije mtu akadhani tunaandika juu ya dhambi za wengine tukiwa hatuna za kwetu.

Katika mwaka 1861 majimbo ya Kusini yaliasi, vita ikapiganwa miaka minne, na merikani ikaadimika katika maduka yetu mpaka nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Vita ilipokwisha mwaka 1865, watu weusi wapatao milioni nne walikuwa huru. Ni katika majira ya baridi yaliyofuata, katika mji mdogo wa Pulaski, jimbo la Tennessee, ndipo vijana sita waliokuwa askari wa jeshi lililoshindwa walipokutana wakaunda chama cha siri. Jina walilichukua katika neno la Kiyunani lenye maana ya duara, wakalifuatisha na neno la ukoo: Ku Klux Klan.

Mwanzo wake ulikuwa kama mchezo. Walijifunika mashuka, wakapanda farasi usiku, wakawagongea milango watu waliotoka utumwani, wakijidai kuwa ni mizuka ya askari waliokufa vitani. Lakini mchezo huo haukuchukua muda kugeuka. Mwaka 1867 serikali ya Marekani iliwapa watu weusi wa Kusini haki ya kupiga kura, na hapo mashuka yakapata kazi ya kweli. Uongozi wa chama ukaangukia kwa Nathan Bedford Forrest, jemadari wa vita aliyekuwa kabla ya hapo mfanyabiashara wa watumwa katika mji wa Memphis. Waliopigwa, waliochomewa nyumba na waliouawa hawakuwa wezi wala wahuni, kama wenye mashuka walivyodai. Walikuwa ni walimu wa skuli za watoto weusi, wakulima waliokataa ujira wa dhuluma, wapiga kura, na wajumbe wa mabaraza. Katika jimbo moja tu la Louisiana, uchunguzi wa Bunge la Marekani ulihesabu zaidi ya watu 1,000 waliouawa katika miezi michache ya kabla ya uchaguzi wa mwaka 1868. Na Forrest alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1871, alikana kabisa kwamba yeye ni mwanachama.

Ni vyema msomaji, na khasa msomaji aliye na meza ya serikali mbele yake, asimame hapa. Kwa kawaida tunaambiwa kwamba vyama vya namna hii havikamatiki, kwa kuwa ni vya siri. Siri ipi? Katika mji mdogo, farasi wa mtu hujulikana kwa kwato zake, na sauti ya jirani haifichwi na shuka. Sherifu aliwajua, hakimu aliwajua, mwenye duka aliyewauzia kitambaa aliwajua. Na mara nyingi sherifu mwenyewe alikuwamo. Uso ulifunikwa ili mkubwa apate la kusema akiulizwa: sikumwona.

Na ushahidi wa haya ni kwamba serikali ilipotaka, chama hicho kilivunjika. Mwezi wa Aprili 1871 Rais Ulysses Grant alipata sheria ya kukipiga vita. Oktoba ya mwaka huo akatangaza hali ya hatari katika wilaya tisa za South Carolina, akapeleka askari, na Mwanasheria Mkuu wake, Amos Akerman, akasimamia kukamatwa kwa mamia ya watu. Wengine walikimbia, wengine walijisalimisha wenyewe wakaungama. Kufikia mwaka 1872 Klan ya kwanza ilikuwa imesambaratika. Haikuhitajika hekima ya ajabu, ila askari, mahakama na nia. Lakini nia haikudumu: Akerman aliondolewa kabla mwaka haujaisha, askari wakarudishwa makambini mwaka 1877, na yale yaliyokuwa yakitendwa usiku kwa mashuka yakaanza kutendwa mchana kwa sheria. Kwa miaka karibu 40 Klan haikuwapo, na sababu ni kwamba haikuwa na haja ya kuwapo.

Kilirudi mwaka 1915, na safari hii kilirudi kwa njia ya sinema. Filamu iliyowasifu wapanda farasi wa zamani ilikuwa ikijaza kumbi za Marekani nzima, na mtu mmoja wa Georgia, William Simmons, akapanda na wenzake juu ya mlima wa Stone Mountain, wakauwasha moto msalaba. Kwa miaka mitano chama kikabaki kidogo. Mwaka 1920 Simmons akawaajiri watu wawili waliokuwa na kazi ya kutangaza biashara, Edward Clarke na Elizabeth Tyler, nao wakakiendesha kama wauzaji wanavyoendesha bidhaa: kila mwanachama mpya alilipa dola 10, na wakala aliyemwingiza akabaki na dola 4 mfukoni mwake. Kwa kuwa wakala alitaka wateja kila mahali, maadui nao waliongezwa. Palipokuwa hapana watu weusi wa kutosha kuogopwa, pakatajwa Wakatoliki. Pasipo na Wakatoliki, pakatajwa Mayahudi na wahamiaji. Katika miaka michache wanachama wakawa mamilioni, na Agosti 1925 maelfu kwa maelfu yao walitembea kwa safu katika barabara kuu ya Washington, nyuso wazi. Mwenye mamlaka hana haja ya kujifunika.

Huko Indiana mkuu wa chama hicho, D. C. Stephenson, alijigamba kwamba yeye ndiye sheria. Gavana wa jimbo alichaguliwa kwa msaada wake. Mwaka huohuo wa 1925 Stephenson alitiwa hatiani kwa kifo cha mwanamke aliyemteka na kumdhulumu, akakaa gerezani akingoja msamaha wa Gavana wake. Na msamaha ulipokosekana, akafungua mdomo akataja waliokula rushwa. Ndipo wanachama wakaanza kukimbia kwa maelfu. Tunaona haya kidogo kusema kwamba kilichokiangusha chama kile si damu ya watu weusi, bali fedheha ya wakubwa.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Basi na atufuate Nairobi kwa jirani zetu, katika miaka hiyohiyo.

Walowezi wa Kenya hawakuvaa kofia zilizochongoka. Mnamo Machi 1907 Ewart Grogan, aliyekuwa rais wa chama cha walowezi, aliwafikisha vijana watatu wa Kikuyu, wavuta riksho, mbele ya jengo la mahakama la Nairobi, akawachapa kiboko hadharani mbele ya umati wa Wazungu, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Hakimu alitoka akawataka waache, hakusikilizwa. Grogan alihukumiwa mwezi mmoja, akautumikia katika nyumba ya kawaida badala ya jela, na baadaye akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Vijana waliochapwa hawakuwa na baraza la kukaa.

Kutoka hapo mti ulikua kwa kumwagiliwa maji na serikali yenyewe. Ardhi ya nyanda za juu ilitengwa kwa Wazungu peke yao. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, na vita ilipokwisha ikatekelezwa, mwanamume Mwafrika akatembea na alama za vidole vyake katika kikebe shingoni kama ng'ombe mwenye kengele. Mwaka 1919 wakaletwa walowezi wapya, askari na maafisa waliotoka vitani, wakagawiwa zaidi ya ekari milioni moja. Watu hawa walijua kupanga kikosi, walikuwa na bunduki, na walikuwa na madeni. Na Machi 1922, wananchi walipokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe, polisi waliwafyatulia risasi. Serikali ikahesabu maiti 21, na wengine wakahesabu zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatia aibu wanaume waliotaka kurudi nyuma, aliangukia hapo. Imesimuliwa na wengi kwamba walowezi waliokuwa katika ukumbi wa hoteli ya Norfolk walifyatua na wao. Hakuna aliyeshtakiwa.

Baada ya miezi michache London ikapendekeza kwamba baadhi ya Wahindi wa Kenya wapige kura katika daftari moja na Wazungu. Pendekezo lenyewe lilikuwa dogo, na Mwafrika hakuwamo kabisa. Lakini Wazungu wa Kenya, ambao jumla yao haikufika 10,000 pamoja na watoto, waliunda walichokiita Kamati ya Ulinzi, wakamweka jemadari mstaafu, Philip Wheatley, kuwa kiongozi, wakajigawa kwa wilaya, wakahesabu bunduki na risasi. Mpango wao ulikuwa ni kuikamata reli na simu, kumteka Gavana, Sir Robert Coryndon, na kuwasukuma Wahindi mpaka Mombasa wakapakiwe merikebuni kurudishwa Bombay. Habari hizi hatukuziokota mitaani. Ziliandikwa bila ya haya mwaka 1935 na Elspeth Huxley, katika kitabu chake cha kumsifu kiongozi wa walowezi, Lord Delamere. Ameeleza hata shamba la mbali lililochaguliwa kumweka Gavana, kwamba palikuwa na mto mzuri wa kuvua samaki, kwani Mheshimiwa alipenda kuvua. Maasi yaliandaliwa kwa upole wa namna hiyo kwa Mzungu mwenzao; kwa Mhindi ilikuwa ni behewa na bandari; na kwa Mwafrika hapakuwa na mpango mpya, kwa kuwa yake yalikwisha pangwa.

Je, Gavana hakujua? Alijua. Aliiarifu London kwamba walowezi wanaweza kuasi, wala hakumtia mtu mbaroni. Badala yake, katika mwaka 1923, alikwenda Uingereza pamoja na wajumbe wao, Delamere akiwamo, kuzungumza. Wahindi wakapeleka wajumbe wao. Waafrika wakasemewa na mmisionari. Julai ya mwaka huo Serikali ya Uingereza ikatoa waraka uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatatangulia mbele ya yote; na wengi bado wanausifu kwa maneno hayo. Lakini tuangalie ulichogawa: Wazungu viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi vitano, Waarabu kimoja, na Waafrika mmisionari mmoja wa kuteuliwa. Daftari la pamoja la kura likakataliwa. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Kamati ya Ulinzi haikufyatua risasi hata moja, na ikapata karibu yote iliyoyataka, na wanachama wake wakarudi mashambani kuvuna kahawa. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia katika Baraza lile mpaka mwaka 1944.

Hatusemi kwamba walowezi wa Nairobi walikuwa tawi la Klan. Hawakuwa. Lakini mbegu ni moja, na majirani zetu wa kusini waliipanda vilevile: Johannesburg, mwaka 1918, kilianzishwa chama cha Broederbond, maana yake udugu, kikajificha, kikaingiza watu wake katika makanisa, skuli na ofisi, na tangu mwaka 1948 hadi 1994 kila kiongozi wa serikali ya makaburu alikuwa mwanachama wake. Huko pia watu walisema hakijulikani.

Na hapa kwetu? Mwaka huo wa 1923 ambao Kamati ya Ulinzi ilihesabu bunduki, mtaalamu wa mipango ya miji, H. V. Lanchester, alitoa kitabu cha mpango wa mji wa Zanzibar, kilichoutazama mji wa mawe na Ng'ambo kama miji miwili, na mkono wa bahari katikati yake ukawa mpaka. Lanchester alikuwa msomi mwenye rula, hakuwa na silaha. Lakini Ng'ambo ilikaa upande wa pili wa rula hiyo bila ya maji na bila ya taa za kutosha kwa miaka mingi, na wapangaji wake waligoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928. Majumba haya ya Michenzani, yaliyoanza kupangwa miaka ya mwisho ya 1960 chini ya Mzee Abeid Amani Karume kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yamesimama juu ya ardhi hiyo. Anayelalamika leo kwamba ngazi ni ndefu na mapaa yanavuja ana haki yake, na wanaohusika tunawaomba wamsikilize. Lakini na ajue yalijengwa kujibu nini.

Kisiwa chetu kiliikaribia Klan mara moja kwa karibu zaidi. Jioni ya tarehe 13 Desemba 1964, katika ukumbi wa Audubon mjini New York, Abdulrahman Babu, mtoto wa Unguja na wakati huo waziri katika Serikali ya Muungano, alisimama jukwaani kuuhutubia umma wa watu weusi. Aliyemkaribisha ni Malcolm X, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa mgeni katika Tanzania. Malcolm alizaliwa mwaka 1925, mwaka wa yale maandamano ya Washington; na amesimulia katika maisha yake kwamba mama yake akiwa mja mzito wake, wapanda farasi wa Klan waliizunguka nyumba yao usiku mjini Omaha, wakavunja madirisha. Aliuawa katika ukumbi uleule Februari 1965, kwa mikono mingine.

Wakati huo Klan ilikuwa imefufuka mara ya tatu. Tarehe 15 Septemba 1963 watu wake waliliripua kanisa mjini Birmingham, Alabama, wakawaua wasichana wanne, watatu wa miaka 14 na mmoja wa miaka 11, waliokuwa wakijiandaa kwa ibada. Idara ya upelelezi ya Marekani iliwajua watuhumiwa katika muda mfupi, na ilikuwa na kanda za sauti zao. Mwaka 1968 faili lilifungwa bila ya mtu kushtakiwa. Wa kwanza alitiwa hatiani mwaka 1977, wa pili mwaka 2001, wa tatu mwaka 2002. Wazazi waliobaki hai walikuwa vizee.

Siku hizi hata shuka halihitajiki. Aliyewaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa tarehe 15 Machi 2019, hakuwa na msalaba wa moto wala ukoo wa kula kiapo. Alikuwa na bunduki zilizonunuliwa kwa kibali halali, na simu kama ile ya vijana wetu, akawaonyesha walimwengu mauaji yakiwa yanatendeka.

Tulirudi barazani juzi tukawaeleza vijana haya yote, kwa urefu kuliko tulivyoandika hapa. Walisikiliza. Mwenye simu, ambaye kwanza alidhani ni mashetani, hakuuliza juu ya kofia tena. Aliuliza: "Na yule Gavana wa Nairobi aliyejua, alifanywa nini?"

Tukamjibu kwamba Sir Robert Coryndon alifariki Nairobi mwezi wa Februari 1925, akiwa bado kazini, na kwamba walichanga fedha wakamjengea jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1930, likaitwa kwa jina lake mpaka Kenya ilipopata uhuru.